Ndoo Kumi na Mbili za Kokoto

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimesimama katikati ya kikao cha ukoo wa mke wangu, kifua mbele, nikitamka maneno ambayo hakuna aliyenilazimisha kuyatamka: "Kazi ya kokoto niachieni mimi."

Kwa mgeni aliyeokota gazeti leo, habari yangu ni fupi na haipendezi. Naitwa Laitoni. Mimi ni mkamwini, yaani mwanaume aliyeoa akahamia kijijini kwa mkewe, huku kwetu Dedza. Kijiji si changu, nyumba si yangu, hata kuku wanaoniamsha si wangu. Mwenye kauli ni Mjomba Bauleni, mjomba wa mke wangu Enelesi. Mkamwini akivurunda, anakunjiwa blanketi lake na kuonyeshwa njia.

Na niliingia ukoo huu kwa uongo mara mbili.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kazi. Nilisema kule Joni, mji wa dhahabu huko kusini wanakokwenda vijana wetu kutafuta kazi, nilikuwa fundi wa bustani, mtaalamu wa kutandaza kokoto kwenye nyua za matajiri. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne nilisukuma toroli. Bosi ndiye aliyepima, bosi ndiye aliyepiga hesabu. Mimi niliambiwa mwaga hapa, nikamwaga.

Uongo wa pili ndio unaonitafuna. Baba yake Enelesi aliondoka kwenda Joni wakati Enelesi ana miaka saba, na hakurudi tena. Kabla hajaondoka alikwaruza jina la bintiye kwa msumari kwenye sahani mbili za bati za rangi ya buluu. Moja akamwachia mtoto, nyingine akaondoka nayo, ili kila akila amkumbuke. Habari hiyo niliipata kisimani kwa binamu yake Enelesi, msichana asiyejua kufunga mdomo.

Basi mimi nikaenda kwa Enelesi na kumwambia: "Baba yako nimemwona Joni. Nilimkuta anakula sima kwenye sahani ya buluu, imeandikwa jina lako."

Alilia kwa furaha mpaka akakaa chini. Nilipoirudia mbele ya Mjomba Bauleni, alinisikiliza macho kayafumba. Kesho yake akanipa mke bila hata kuniuliza kwetu ni wapi. Nilidhani nina bahati.

Sasa turudi kwenye kokoto.

Mama mkwe alifariki mwaka jana, na Jumapili hii jiwe la kaburi lake linafunuliwa. Shadreki, kaka yake Enelesi anayefanya kazi Lilongwe, alitaka sehemu yote ya makaburi ya familia ipambwe. Maua pembeni, na chini kote kokoto, majani yasiote na wageni wasikanyage tope la manyunyu haya ya Julai. Alikodi lori tripu moja tu, siku ya Alhamisi.

"Malundo mangapi, mkwe wa Joni?" Mjomba Bauleni aliniuliza pale pale kikaoni, akikohoa. Alikuwa anakohoa wiki ya pili. "Wanawake wanaoponda mawe wanataka kujua ifikapo Jumanne."

"Nitapima kwanza, mjomba."

"Utapimaje?"

"Kwa futi kamba."

Mzee Kamoto, mkuu wa wachimba kaburi, akatema mate pembeni.

"Makaburini anapimwa maiti tu," alisema. "Tena kwa utete, tena na mimi. Ukiingia na hilo futi lako, utatuambia unampimia nani."

"Basi nitaangalia kwa macho," nikasema haraka.

"Angalia vizuri," Mjomba akasema. "Lori ni moja. Kokoto zikipungua, watu wa Lilongwe watakuja kuona dada yangu nusu kavaa, nusu uchi. Siku hiyo, mkwe, blanketi lako unalijua lilipo."

Enelesi alinibana mkono. "Usiogope," alininong'oneza. "Wewe kazi hii unaijua." Natamani angenitukana.

Jumatatu asubuhi Mzee Kamoto alinipeleka. Makaburi yetu yako ndani ya kichaka ambacho hakikatwi hata ufito. Nilitembea polepole, mikono nyuma, uso chini, kama mtu anayemwombolezea mama mkwe. Moyoni nilikuwa nahesabu hatua.

Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu...

"Mbona midomo inacheza?" Kamoto akauliza.

"Nasali, mzee."

"Sali umesimama. Mkristo gani anasali anatembea?"

Hesabu ikapotea, nikaanza upya. Hatua kumi na nne kwa urefu, tisa kwa upana. Nikahesabu na makaburi, kwa sababu yamejengewa saruji na juu ya saruji hakumwagwi kokoto. Karibu na mama mkwe, upande wa kulia, nilijikwaa kwenye kituta kilichoota nyasi. Hakina msalaba, hakina saruji, ila urefu wake ni wa mtu. Nikakizunguka kwa adabu.

Kamoto aliutazama mguu wangu ulivyozunguka. Mkamwini haulizi maswali makaburini, kwa hiyo sikuuliza. Nilisema tu moyoni, saba, kwa kuwa nacho sikuthubutu kukimwagia kokoto.

Nyumbani nilikaa nyuma ya jiko na kichwa changu kitupu. Hatua nilikuwa nazo, lakini hatua hazipakiwi kwenye lori. Bosi angefanya nini? Nilimkumbuka akichomeka kidole cha kati kwenye kokoto na kufoka, "Kidole chote kizame!" Hilo nililijua. Mengine ilibidi niyabuni.

Nikachora kiraba cha hatua moja kila upande. Nikamwaga mchanga ndani yake mpaka kidole kikazama chote. Ndoo mbili na nusu! Nilikaribia kupiga kelele. Kumbe hesabu inawezekana hata kwa msukuma toroli.

Hapo ndipo furaha iliponiharibia akili. Nikaona ili nisikosee, nichore sehemu yote ya makaburi pale pale uani, hatua kwa hatua. Nikachukua jembe na majivu ya jikoni. Nikachora ukingo. Nikachora kaburi la mama mkwe. La bibi yake Enelesi. Moja baada ya jingine, kila moja likila viraba vitano. Nilipomaliza yalikuwa saba, meupe, yamelala safi nyuma ya jiko la watu.

Sikufikiria kabisa mtu mwingine atakachokiona. Nilikuwa naona viraba tu.

Viraba mia moja ishirini na sita. Toa thelathini na tano vya makaburi saba. Vinabaki tisini na kimoja. Kila kimoja ndoo mbili na nusu. Jumla, ukiongeza kidogo, ndoo mia mbili ishirini na nane. Niliandika kwenye kiganja kwa kalamu na kulala usingizi wa mtu mwenye haki.

Jumanne mchana nikaenda barabarani kwa Naphiri. Huyu mama anaponda mawe kwa nyundo tangu mimi sijaoa, na malundo yake yamepangwa kando ya lami. Lundo moja ni ndoo ishirini, hazipungui wala hazizidi.

"Mkwe wa Joni!" aliniita kabla sijafika. "Njoo utuambie, wazungu wanapika kokoto au wanazila mbichi?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikanyoosha kiganja. "Mama, nataka malundo kumi na moja na ndoo nane."

Naphiri akashusha nyundo. "Na nini?"

"Na ndoo nane."

"Mimi siuzi nane. Hizo nane umezitoa wapi?"

Nikamweleza kwa majivuno hatua zangu, kidole, viraba na saruji. Alisikiliza huku akipanga vijiwe vidogo mapajani. Alikuwa anapiga hesabu yangu upya. Alipomaliza hakuwa anacheka.

"Kidole chako ni sawa, na hatua zako sawa," alisema. "Lakini pale ni malundo kumi na mawili kamili. Umepunguza ndoo kumi na mbili."

"Haiwezekani, mama. Nimetoa makaburi yote."

"Umetoa mangapi?"

"Saba."

"Nilikuwepo tulipomzika mama mkwe wako. Nimelia pale, nimekaa pale. Makaburi ni sita." Akavisogeza vijiwe vitano pembeni, kimoja kimoja. "Viraba vitano, ndoo kumi na mbili. Huyo ni mtu mmoja amelala, mkwe. Umemwachia nani nafasi?"

Wale wanawake wengine waliacha kuponda. Hakuna aliyenitania nilipoondoka, na hilo lilinitisha kuliko matani.

Kufika nyumbani nikakuta watu wamejaa nyuma ya jiko.

Enelesi amesimama ukingoni mwa majivu, kashika kichwa. Shangazi wawili wako nyuma yake. Mjomba Bauleni anatembea kati ya makaburi yangu ya majivu na fimbo yake, anagusa moja, anagusa jingine. Kamoto yuko pembeni na jembe begani.

"Laitoni," Enelesi alisema, "ni kitu gani hiki umetuchorea nyumbani?"

"Hesabu, mke wangu. Ya kokoto. Niliambiwa nisipime kule, basi nikapima huku."

"Umeyaleta makaburi uani ili uyapime?" shangazi mmoja akapiga kofi. "Jamani! Joni huwa wanafundishwa nini?"

"Sita nayajua," Mjomba alisema bila kupandisha sauti. Fimbo ikasimama juu ya la saba. "Mama yetu. Dada yangu. Wengine nao nawajua. Na huyu ni nani?"

Akakohoa. Akakohoa muda mrefu, ameinama juu ya lile kaburi la majivu, na kila mtu pale alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Ni mimi?" aliuliza alipopata pumzi. "Umenitandikia, mkwe?"

Shangazi akaanza kulia. Mkamwini akisemwa mvivu, anaweza kulima zaidi. Akisemwa mchawi, hana la kufanya.

"Hapana, mjomba! Naapa! Kaburi hilo lipo kweli. Nimelihesabu kule, upande wa kulia wa mama. Kituta, kimeota nyasi. Nilijikwaa!"

"Hakuna," Kamoto akasema.

"Mzee, ulikuwepo. Uliona nikizunguka."

"Niliona mtu anasali huku anatembea." Hakunitazama. "Pale nimechimba mimi, na kabla yangu alichimba baba yangu. Ni sita."

"Enelesi, kalete blanketi la mumeo," Mjomba alisema.

Enelesi hakuondoka. Alinitazama usoni. Huyu mwanamke ananiamini.

"Kabla sijalikunja," alisema, "twende tukaone."

"Mwanamke haendi makaburini bila msiba."

"Mjomba, pale amelala mama yangu. Na mume wangu anaitwa mchawi. Msiba mwingine unaoutaka ni upi?"

Tulikwenda sisi wanne. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kamoto mbele, Mjomba na fimbo yake, Enelesi, na mimi nyuma nikijiambia kwamba dakika chache tu zimebaki, watakiona kituta na yataisha.

Hapakuwa na kituta.

Upande wa kulia wa mama mkwe palikuwa tambarare kama uwanja uliofagiliwa. Majani makavu yametandazwa juu, vizuri kabisa.

"Haya," Mjomba alisema. "Jikwae tukuone."

Enelesi alifunika uso kwa kitenge. "Laitoni," alisema humo humo ndani ya kitenge, "kwa nini unanifanyia hivi? Ungesema tu umekosea kuhesabu."

Na kweli, wasomaji wangu, nilikaribia kusema. Uongo nimeuzoea. Ningesema nimekosea, ningepiga magoti, labda ningesamehewa. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza tangu niingie ukoo huu, nilikuwa nasema kweli, na uchungu wa kutoaminiwa siku ya ukweli sijawahi kuuonja mkali namna ile.

Ndipo nilipoliona jembe la Kamoto. Lilikuwa na udongo mweusi mbichi, na huko uani kwetu udongo ni mwekundu.

Nikapiga magoti. Nikafagia majani kwa mikono. Chini yake udongo ulikuwa laini, umelimwa asubuhi ile ile. Nikachomeka kidole cha kati, kikazama chote.

"Mtoe hapo," Mjomba akasema. Kamoto akanishika bega. Nilimsukuma, nikafukua kwa vidole vyote kumi mpaka kucha zikagonga bati.

Nikalivuta. Ilikuwa sahani, imejaa matope, na katikati yake ina tundu.

Kwetu hapa chombo cha marehemu hutobolewa tundu kabla ya kuachwa kaburini kwake, mwizi asikitamani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kamoto aliondoa mkono begani kwangu. Mjomba Bauleni aliacha hata kukohoa.

"Lete," Enelesi alisema.

Sikutaka kuleta. Nilikuwa nimeona rangi pale tope lilipobanduka. Lakini aliichukua mwenyewe mkononi mwangu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, taratibu, na mvua ikamsaidia. Buluu ikatokea. Akaigeuza nyuma. Msumari ulikuwa umekwaruza ndani sana, hata kutu haikuweza kuzifuta zile herufi.

Alizisoma kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Ni zile zile anazoziosha kila siku kwenye ile sahani aliyoachiwa yeye, ninayolia sima mimi.

"Mama aliomba alazwe hapa hapa," alijisemea. "Tulimwambia pana mizizi, akakataa. Akasema hapa."

Kamoto akashusha jembe chini.

Nilielewa kwa nini Mjomba Bauleni alifumba macho siku ile nilipoleta salamu za Joni. Kati ya walionisikiliza, mmoja alijua baba yake Enelesi amelala wapi, kwa hiyo alijua nadanganya, na ndiye aliyenipa mke.

Enelesi akainua uso. Hakumtazama mjomba wake. Alinitazama mimi.

"Uliniambia ulimkuta anakula," alisema. "Kwenye sahani hii. Jina langu uliliona."

Mvua iligonga bati mikononi mwake.

"Laitoni, ulimwona baba yangu?"

Nilifungua mdomo. Lakini aliyetangulia kusema alikuwa Mjomba Bauleni, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu nioe, na mkono wake ulikuwa umetua begani mwangu kama wa baba.

"Sahani zinafanana, mwanangu," alisema. "Si ulimwona? Mwambie mkeo ulimwona, twende nyumbani."